Mwalimu na Vijana Wake wa Marumaru

Mwalimu alikuwa na namna ya kusimama ambayo mimi, mpiga picha, sikuipenda tangu siku ya kwanza. Mguu wa kushoto aliutanguliza, magoti yote mawili yamenyooka, mikono imeshuka ubavuni na vidole vimefumbwa. Mtu yeyote akitanguliza mguu, kiuno na bega huelemea upande mmoja. Nimepiga picha za watu wengi na sijaona asiyeelemea. Yeye hakuelemea. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa nenda, na kabla hajanyanyua unyayo wa pili akaambiwa ngoja. Alisimama hivyo dukani akinunua samli, alisimama hivyo akizungumza na wazee nje ya msikiti, na mimi kila nikimtazama nilijiambia kwamba mtu hasimami hivi bure.

Nieleweke: mimi ni mtu wa shaka, na kazi yangu imenizidishia. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilifungua studio ya chumba kimoja hapo Ibra, mji wa Oman, na mtambo wa umeme uani uliokuwa ukikohoa kuliko marehemu babu yangu. Watu walikuja na khanjari ya kiunoni ya kuazima, saa ya kuazima, na mmoja alikuja na mtoto wa kuazima, na wote wakaitazama kamera kwa uso wa haki. Nilijifunza upesi kutomwamini mtu anayetulia. Na Mwalimu alitulia mno.

Sie tuliorudi kutoka Unguja tulikuwa tukishukiwa wenyewe. Nasema tuliorudi, ingawa mimi Oman sikuwahi kuitia machoni mpaka siku niliyoshuka. Wenyeji walituita Zinjibari, mara kwa mapenzi, mara kwa kuuliza. Kiarabu chetu kiliwachekesha. Kila mmoja wetu alikuwa na karatasi zake mpya kazifungia sandukuni, na kila mmoja akiogopa kuonekana karibu na mtu ambaye karatasi zake zina kasoro. Zangu mimi nilizipata kwa taabu, na Mama alizishonea ndani ya mto akawa analalia.

Mwalimu alikuja baada yetu, peke yake, akakodi chumba kilichopakana na ua wetu. Alifundisha Kiingereza katika skuli ya wavulana. Siku zile mwenye Kiingereza hakuulizwa mengi, skuli zilikuwa mpya na walimu haba. Wenyeji walimwita Ustadh, sisi tukamwita Mwalimu. Umri wake ulikuwa kama hamsini. Alikuwa na karatasi moja tu ya safari, iliyokwisha muda, na alikuwa na mke Dar es Salaam. Hilo hakulificha. Kila Ijumaa alimwandikia barua, na kila aliyemwuliza alimpa jibu moja: akipata paspoti atakwenda kumchukua mkewe, na bila paspoti akitoka hatarudi. Maisha yake yote yalikuwa yamesimama hapo, yakingoja watu wawili wa kusema ofisini kwamba wanamjua kutoka Unguja na wanajua ni mwana wa nani.

Basi turudi kwenye mguu. Mama ndiye aliyeligundua hilo la kushoto, ingawa yeye hakuona ubaya.

"Huyu Mwalimu kila pahala anatanguliza kushoto," alisema siku moja akichambua mchele. "Labda mguu wa kulia unamuuma."

Mimi sikuridhika na hilo la kuuma. Sote tunajua mguu gani unaingia msikitini na mguu gani unaingia chooni. Nikamvizia. Ijumaa mbili nilitangulia nikakaa karibu na mlango wa msikiti, nikijifanya navua viatu, nikayakodolea macho makanyagio yake. Aliingia kwa mguu wa kulia, akatoka kwa wa kushoto, barabara kama inavyotakiwa. Alisali safu ya mbele. Sauti yake ya kuitikia Amin ilikuwa nzuri kuliko yangu. Mtu mwingine angeona aibu akaacha. Mimi nilijiambia kwamba anajua anatazamwa.

Siri ya mguu niliipata kwake mwenyewe, tena bila kuuliza. Alikuja studio na mkebe mdogo wa filamu ya zamani, kaufunga kwa kitambaa.

"Hii imekaa sana," alisema. "Sijui kama kuna kitu kilichobaki. Nisafishie, yakhe, kwa hisani yako."

"Ina nini ndani?"

"Rafiki zangu."

Niliisafisha mwenyewe. Picha nane zilitoka, nyingine ziliungua. Nilipoziweka ndani ya dawa zikaanza kujitokeza, la kwanza kuonekana lilikuwa guu, halafu paja, halafu vinginevyo, nikaruka nyuma nikagonga rafu. Walikuwa wanaume, uchi kama walivyozaliwa, wa mawe. Mguu wa kushoto mbele. Mikono ubavuni, vidole vimefumbwa. Mmoja hana mikono kabisa, mwingine hana miguu chini ya magoti, na wote, hata yule aliyevunjika pua, wanatabasamu tabasamu lilelile dogo la mtu anayejua jambo lako.

Nilimkabidhi ndani ya bahasha iliyofungwa, na nikamwuliza kwa sauti ya mtu wa serikali, "Mwalimu, hawa ni nani?"

Akacheka. Akavuta kiti akakaa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoisikia hadithi yake, au niseme ile aliyotaka niisikie. Alipotoka Unguja alipata kazi melini. Meli ikamwacha mgonjwa katika bandari ya Uyunani. Alipopona akapata kazi ya kusafisha katika jumba la makumbusho, kwenye ukumbi wa masanamu ya kale kabisa, na akakaa humo miaka mitano akiwapangusa vumbi.

"Wageni wanawatazama usoni, wanaondoka," alisema. "Mie nawajua migongo. Fundi alipochoka, alichokea mgongoni."

Alikuwa na maneno ya namna hiyo, na mimi nikayapima moja moja. Alisema wale vijana ndio wa mwanzo kabisa, mababu wa masanamu yote ya marumaru yaliyokuja baadaye. Fundi alichukua jiwe refu la pande nne, akachora kijana kwa mbele, kwa nyuma na ubavuni, halafu akalipiga tindo kutoka kila upande mpaka michoro ikakutana katikati. Ndiyo maana wanakuwa kama mlango uliotiwa mabega. Nywele zao zimepangwa shanga shanga. Vidole vimefumbwa kwa sababu kidole kilichonyooshwa kwenye jiwe huvunjika. Wasichana walichongwa pia, lakini wao wamevaa mavazi mpaka chini na mkono mmoja umeshika marinda. Alinieleza hata rangi: ati zamani walipakwa nyekundu na buluu, na yeye alikuta nyekundu bado kwenye mkunjo wa nguo ya msichana mmoja, akawa akifika hapo anapitisha kitambaa mbali.

"Na huo mguu?" nikauliza.

"Mguu walijifunza kwa Wamisri. Ila Mmisri alimwachia jiwe nyuma la kumshikilia. Hawa wakaliondoa. Kijana akasimama peke yake." Akatazama miguu yake, na nadhani siku hiyo ndipo alipotambua kwamba anasimama vile. "Miaka mitano, bwana. Ukikaa na watu unachukua tabia zao."

"Wanaabudiwa?"

"La. Hata wasomi wa huko walikosea. Kila akichimbuliwa mmoja walisema huyu mungu, huyu mungu. Halafu wakawakuta makaburini. Kumbe vijana tu, watoto wa watu, wamekufa kabla ya wakati na wazee wao wana uchungu."

Nilimwambia ni maelezo mazuri. Moyoni nilisema mazuri mno. Kwa nini mtu aliyekimbia kwao na roho yake aweke akiba filamu ya mawe yaliyo uchi? Kwa nini asipige picha ya bandari, ya chumba chake, ya mwanadamu? Siku zile kulikuwa na minong'ono mingi juu ya watu waliopitia nchi za mbali na mambo waliyofundishwa huko. Nilichukua vijihabari hivyo vyote nikavipanga, na vikakaa sawasawa kama vinavyokaa kila mara unapotaka vikae.

Alikuwa na kasoro zake za wazi, na ni haki nizitaje. Alikuwa mkaidi katika mambo madogo. Aliniingilia kazini: nikimweka mteja upande, uso umegeuzwa robo, kidevu juu, kama nilivyofunzwa, Mwalimu aliyekaa kwenye benchi angeguna, "Mwache asimame wima akutazame. Mbona unamfanya kama anasikiliza mlangoni?" Na ubaya wake ni kwamba wateja walimsikiliza yeye. Kuna bwana mmoja wa Bidiya, mwenye ngamia na sauti kubwa, alikataa katakata kukaa kwenye kiti changu, akasimama katikati ya pazia langu la milima yenye theluji, mguu wa kushoto mbele, ngumi zimefumbwa. Picha ile ikawa nzuri kuliko zote nilizopiga mwaka ule. Sikumsamehe Mwalimu kwa hilo.

Aliwafundisha wanafunzi Kiingereza kwa kuwasimamisha. Asiyejua jibu hakukaa, alisimama wima mikono chini mpaka ajue, na Mwalimu akisimama naye. Alikuwa mpole kwa wazee na mkali kwa vijana wazembe. Kwa mambo ya chakula alikuwa mchoyo wa ajabu, samaki wa Sur akiletwa hakubakisha hata mwiba. Lakini kitabu alikupa ukiomba na asikidai. Alipenda kusema, "Usimwulize mtu anakokwenda, mwulize anaposimama." Nilidhani ni maneno ya mtu asiyetaka kuulizwa alikotoka.

Mama alimpenda, na hili lilinikera kuliko yote. Alimpenda kwa sababu alijua salamu. Mtu mzima yule, mvi kichwani, akifika mlangoni kwetu ataanza, "Shikamoo bibi," na Mama atajibu "Marahaba mwanangu" kwa sauti ya Unguja ambayo hakuwa nayo kwa mtu mwingine. Alimpelekea mkate wa kumimina. Naye akamwonyesha zile picha nane, bila haya, uani mchana. Nilisikia nikaja mbio. Nilimkuta Mama kavaa miwani, anawakagua.

"Maskini, huyu hana mikono," alisema. "Nani mama yake?"

"Mama, wako uchi!"

"Mawe hayana haya. Wewe nilikuogesha mpaka una miaka minane."

Jambo lenyewe lilianzia hapo. Mama, kama wazee wake walivyokuwa wakisema, picha aliita sanamu. Kupiga sanamu, sanamu ya harusi, hata mimi mwanawe aliwaambia watu nafanya kazi ya sanamu. Huku kwa Waarabu neno ni jingine. Picha ni sura. Sanam ni lile linaloabudiwa, na yakiwa mengi ni asnam, yale aliyoyavunja Mtume. Jumatano ikafika, na Jumatano Ibra ni soko la wanawake, hakanyagi mwanamume. Mama akaenda kununua kitambaa, na katika mazungumzo, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, akamsifu jirani yetu: Ustadh ana asnam nzuri, nyumbani kwake, nane, na yeye mwenyewe kazishika mkononi.

Alirudi kashangaa. "Wamenyamaza wote," aliniambia. "Mmoja kasema astaghfirullah, akakunja vitambaa vyake. Kwani nimesema nini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikamweleza, neno kwa neno, taratibu, kama unavyomweleza mtoto. "Mama, huku picha ni sura. Ukisema sanam umesema mungu wa mawe. Umewaambia Mwalimu anaabudu."

"Yarabi!" Akavaa buibui papo hapo akatoka, nyumba hadi nyumba, kueleza. Sura, sura, aliwaambia, za karatasi. Wazee wawili wa mtaa wakaenda kwa Mwalimu kuhakikisha. Akawapa kahawa na tende, akawatandazia picha nane mkekani. Mmoja alifumba macho kidogo, mwingine alicheka akasema huyu mvunjika pua kafanana na shemeji yake. Wakaondoka kwa amani. Mji ukasahau kabla ya Jumatano nyingine.

Siku chache baadaye Mwalimu alinijia studio, akasubiri mpaka mteja aliyekuwepo akatoka.

"Nimeitwa ofisini wiki ijayo," alisema. "Wanataka mashahidi. Mmoja nimempata, mzee wa Al Mintirib, aliyemjua baba yangu. Wa pili nimekutaja wewe."

"Mimi? Mimi nakujua hapa tu, Mwalimu."

"Nilikufundisha. Nilikaimu muhula mmoja skulini kwenu, mwalimu wenu alipougua. Ulikuwa darasa la nne."

"Sikumbuki."

Hilo nilikuwa nikimjibu kila mtu aliyekuja na habari za kule. Lilikuwa jibu zuri, halikuwa na pembe. Mwalimu akasema, "Utakumbuka. Wewe nenda tu useme unachokijua." Hakunisihi. Alisema mkewe kaandika kwamba ameshafunga mizigo, na mwenye nyumba anamtaka atoke. Nikamwambia nitakwenda.

Usiku wa kuamkia siku ile Mama aliniuliza kama nimepiga pasi kanzu. Nilikwenda na kanzu iliyopigwa pasi. Karani alikuwa mtu mwungwana, kijana, mwenye faili moja mbele yake. Kwenye faili alikuwa amefunika majina kwa kiganja, akaacha wazi jina la kwanza tu, ili amjaribu shahidi.

"Unamjua?" aliniuliza kwa Kiarabu.

"Ni jirani yangu."

"Unguja ulimjua?"

"Sikumbuki."

"Mwana wa nani?"

"Sijui."

"Wa kabila gani?"

"Mwenyewe anasema..."

"Nakuuliza wewe."

"Sijui."

Akaweka kalamu chini. "Sasa unajua nini juu yake?"

Nikasema, "Indo asnam." Ana masanamu.

Karani hakuuliza zaidi. Aliinua kiganja, akaandika mstari mmoja kwenye faili, akanishukuru kwa kufika. Nilitoka nje kwenye jua nikajiona nimepona. Ndivyo nilivyojisikia, nisiseme uongo: nimepona. Karatasi zangu ziko ndani ya mto wa Mama na jina langu halijafungwa na jina la mtu.

Nyumbani Mama aliniuliza, "Umemsemea?"

"Nimemsemea," nikamjibu. Akaniombea dua.

Maombi ya Mwalimu yalirudishwa mpaka apatikane shahidi anayemjua. Yule mzee wa Al Mintirib akafariki kabla ya wa pili kupatikana, wakawa wanatakiwa wawili upya. Mkataba wake wa skuli ulipokwisha hakuweza kuandikwa tena bila karatasi. Ilipojulikana nilichosema ofisini, niliwaambia watu kwamba ulimi uliteleza, kwamba nilitaka kusema picha nikasema kama Mama. Wakacheka, kwa kuwa sote Kiarabu kilitutesa. Wengine wakanionea huruma. Niliisimulia mara nyingi mpaka nikawa naisimulia vizuri, na mahala pa kucheka nimepatayarisha.

Mwalimu alihamia Sur, kumwandikia mfanyabiashara mmoja barua za Kiingereza. Alikuja kumuaga Mama, na Mama alilia. Mimi nilisimama mlangoni. Alipopita akanigusa bega, akasema, "Kiarabu kigumu, eh?" Akaenda zake.

Maneno hayo matatu yalinisumbua miaka. Alikuwa ananisamehe, au ananiambia anajua? Nilisikia kutoka kwa dereva mmoja kwamba Mwalimu anaonekana Tiwi, pwani, siku za mapumziko, anakaa peke yake juu ya mawe. Nikashuku. Nilisikia kasomesha bure watoto wa wavuvi, nikashuku vilevile. Mtu niliyemfanyia vile ilinibidi awe mbaya, maana asipokuwa mbaya yeye, ubaya uliobaki hapo ni wa nani?

Mama alikufa akiwa bado anaamini nilimsemea na ulimi ndio ulioteleza. Katika miaka ya themanini nilihamia Nizwa, karibu na soko, studio ya vyumba viwili, umeme wa serikali, filamu ya rangi. Mteja mkubwa alikuwa yuleyule: picha za paspoti. Siku moja asubuhi, mlango ukafunguka, na mzee mwembamba akaingia kwa fimbo. Fimbo ilimharibia kusimama. Sasa alikuwa akielemea, kama sisi sote. Nilimtambua kabla hajainua uso.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nataka picha nne za paspoti."

Nizwa ina studio nyingine, na kutoka Sur mpaka Nizwa anapita mji wangu wa zamani na miji mingine yenye kamera. Nilijua hakuja kwa picha. Nilingoja anitukane. Nikamkalisha, nikawasha taa, nikajishughulisha na lenzi iliyokuwa safi.

"Umepata, basi," nilisema.

"Nimepata. Mzee mmoja baharia wa Sur alimjua baba yangu, na mwanawe naye akashuhudia. Imechukua muda."

"Alhamdulillahi. Utakwenda kumleta Bimkubwa?"

"Amefariki, Ramadhani iliyopita. Nakwenda kuzuru kaburi." Alisema kwa sauti ileile aliyoagizia picha nne. "Aliningoja miaka kumi na mbili. Mizigo aliifungua mwaka wa tano, aliniandikia. Nguo zilikuwa zinaingia mende."

Nikasema Inna lillahi. Nikapiga picha, nikapiga ya pili, maana nilijua ya kwanza imeharibika.

"Nikuulize kitu," alisema, bado anaitazama kamera. "Marehemu mama yako alikosea sokoni, Mungu amrehemu. Alitembea nyumba hadi nyumba kukosoa. Hilo nalijua. Lakini wewe kazi yako ni sura. Neno hilo unalitamka tangu asubuhi mpaka jioni. Mteja akiingia, la kwanza unalosema ni sura. Siku ile ulilipoteza wapi?"

Nilitafuta pa kuweka macho. Nikageukia meza, nikachukua bahasha, nikashika kalamu, kama ninavyofanya kwa kila mteja, maana bahasha zisizo na majina hupotea. Nikaandika. Niliandika upesi ili nisimtazame, nikaisukuma bahasha mbele yake nikamwambia picha zitakuwa tayari kesho baada ya Alasiri.

Aliichukua akaisogeza karibu na macho. Akasoma kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji bahasha.

"Sijakutajia jina," alisema.

Nikatazama nilichoandika. Jina lake, la baba yake, la babu yake, la baba wa babu, na la aliyemzaa huyo, na kabila mwisho. Yote kwa mwandiko mzuri, bila kukata hata herufi moja.

"Fomu yao ina nafasi ya watatu tu," akasema. "Hawa wawili wa mwisho sikuwahi kuwaandika Oman. Niliwaandika ubaoni, mara moja, darasa la nne, siku ya kwanza, ili kila mmoja wenu naye asimame ataje wazee wake."

Mtu aliingia akauliza bei, nikamwashiria asubiri nje. Mwalimu aliiweka bahasha mezani, akaisawazisha kwa kidole, akaningoja kama alivyokuwa akiwangoja wanafunzi wake, bila hasira na bila haraka.

"Nilikuwepo, Mwalimu," nikasema.